Nchi ya Wasiokosa Kitu

Jinsi Salha Mbwana alivyofika nchi ya Sikosi haitusaidii kitu. Alifika, basi, na kilichomfikisha ni mume. Mshangama alikwenda huko kutibiwa sukari, akakaa, akazidi kukaa, na sasa binti yao Rehema alikuwa anaolewa. Ukumbi ulikuwa umeshakodiwa. Ndugu wa bwana harusi walikuwa wameshaanza kuuliza, kwa ile sauti ya watu wanaojifanya wanazungumzia jambo jingine, kama baba wa bibi harusi atakuwepo kumwozesha mwanawe. Salha aliwajibu kwamba atakuwepo, kisha akaingia chumbani na hofu yake.

Tena hofu yake haikuwa moja. Aliogopa kumkosa mumewe, na aliogopa vilevile kumpata. Kwani nani aliyempikia Mshangama ile milo iliyomfikisha hospitali, kidole cha mguu kikiwa kimeshageuka rangi? Daktari alimkataza wanga wote, kuanzia wali na ugali hadi mihogo, mkate, maandazi na soda. Mshangama aliitikia kila neno kwa adabu, na wiki haikuisha Salha akamkuta nyuma ya mlango na kiporo cha wali, akila kwa mkono huku anajifuta machozi kwa mkono wa pili. Ndipo mtu mmoja akamsimulia habari za Sikosi, nchi ambako watu wameacha wanga na bado wanastarehe kuliko walioko kwenye mapochopocho. Mshangama alifunga begi siku hiyohiyo.

Mpakani Salha hakuulizwa hati wala anakotoka. Aliambiwa apumue.

Lazima nieleze hapa. Mtu akiacha wanga kwa muda, pumzi yake hubadilika. Hunuka kama ndizi iliyopitiliza kuiva iliyomwagiwa dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kwetu mtu angetafuna karafuu aifiche. Sikosi harufu hiyo ndiyo heshima ya mtu. Wakikutana njiani hawapeani mikono, bali husogezeana nyuso, mmoja akasema "Nipe pumzi," mwingine akajibu "Pokea," wakapuliziana puani, wakaridhika. Wachumba huchunguzana hivyo. Vijana wa huko hutembea midomo wazi kidogo, ili wasipitwe na sifa.

Ofisa wa mpakani aliinamisha pua yake karibu na mdomo wa Salha, akaruka nyuma.

"Mkate!" akasema. "Na wa siagi!"

"Ni kipande kimoja tu, bwana," Salha akasema. "Nilikula na chai kabla ya kutoka nyumbani."

"Na chai nayo ilikuwa na sukari," ofisa akasema, safari hii kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake pole ya msiba. Akamfunga kitambaa cha kijani mdomoni, alama ya wageni, akamwambia asikivue mbele za watu mpaka pumzi yake igeuke.

Mwenyeji wake alipangiwa. Aliitwa Bi. Tosha, mama mnene wa sauti laini, na kazi yake ilikuwa Mpimafuraha wa mtaa. Salha alidhani amesikia vibaya, akauliza kazi hiyo ni ya kufanya nini hasa.

"Nawatazama watu wakila," Bi. Tosha akajibu. "Mwenzangu, hapa kwetu kuna makosa mawili. La kwanza ni kula wanga. Hilo dogo, mtu hukemewa, akafungiwa kitambaa, yakaisha. La pili ndilo kubwa."

"Lipi hilo?"

"Kukosa."

"Kukosa nini?"

"Kukosa tu," Bi. Tosha akasema, akatazama dirishani kuhakikisha hakuna anayesikiliza. "Mtu akionekana anakumbuka kitu, anatamani kitu, uso umemshuka. Hapa hakuna anayejinyima, bibi. Hapa watu wanafurahia. Kila ukimeza unasema 'Sikosi kitu.' Na ni lazima uso ukubaliane na maneno."

Salha akauliza uso usipokubali inakuwaje. Bi. Tosha akamwonyesha jengo refu la waridi mwisho wa mtaa. Liliitwa Nyumba ya Burudani. Aliyeshindwa kufurahia hupelekwa humo, akahudumiwa vitafunio na vinywaji mfululizo mpaka afurahie. Madirisha yote yalikuwa wazi, na kutoka ndani kilisikika kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu wengi kwa pamoja, na hakikupumzika. Salha alisimama pale akisubiri kitulie japo kidogo, wala hakikutulia.

Wasikosi hufanya tafrija kila alasiri, mtaa kwa mtaa. Meza hujaa: mayai ya kuchemsha yaliyokatwa na kupakwa pilipili, vipande vya jibini, mishkaki, mbegu za maboga za kukaanga, parachichi, matango, samaki wa kuchoma. Vyakula vizuri, na Salha angevisifu bila kulazimishwa. Lakini hakuna kimoja kilichoachiwa jina lake. Yai liliitwa kitumbua. Koliflawa iliyosagwa iliitwa wali, na ikikandamizwa kwenye sufuria iliitwa ugali. Kipande cha jibini kilichokaangwa kikakauka kiliitwa mkate wa kumimina, na aliyekiita jibini alitazamwa vibaya. Vinywaji ndivyo vilivyomshangaza zaidi. Kila mtu alishika bilauri ndefu yenye kimwavuli cha karatasi, ndani yake maji ya gesi, ndimu, tangawizi na majani ya mnanaa, na kila kokteli ilibeba jina la kitu ambacho hakimo. Ya embe haikuwa na embe. Ya miwa ilitengenezwa mbele ya macho yako: mhudumu alichukua muwa mmoja mkavu, mkongwe, akaupitisha juu ya bilauri bila kugusa maji, akainama, akakupa.

"Sikosi kitu," wakasema waliokunywa, mmoja baada ya mwingine.

Siku alizongoja kuonana na mumewe alipelekwa Barazani, kwa kuwa wageni huonyeshwa. Hoja ilihusu mkazi aliyekutwa usingizini akitafuna. Mkewe ndiye aliyemripoti. Upande mmoja ulidai kwamba chakula cha ndotoni kina wanga, kwa ushahidi kuwa bwana huyo aliamka akiwa ameshiba na alikataa yai. Upande wa pili ulijibu kwamba ndoto haina uzito wala kipimo, na kosa lake si kula bali ni kule kutabasamu alipoamshwa. Mzee mmoja akasimama akauliza ni nani awezaye kuthibitisha kwamba alikuwa anatafuna wali, maana huenda ilikuwa nyama. Baraza likavutiwa sana. Mwishowe wakapitisha sheria kwamba kila mwenye mwenza anayetafuna usingizini amwamshe kabla hajameza. Walipiga makofi wakaenda kunywa.

Salha hakucheka, ingawa mimi ningecheka. Alikuwa anawaza kwamba mumewe hutafuna usingizini tangu siku walipooana.

Alimkuta kwenye tafrija ya mtaa wa pili. Hakumtambua mara moja. Mshangama alikuwa amepungua, shingo imeonekana, na alikuja akitembea kwa miguu yote miwili bila kuchechemea. Salha alitazama ule mguu kabla ya uso. Viatu alivyovaa vilikuwa vya kufunga, viatu ambavyo kwa miaka havikumwingia. Furaha ilimpanda Salha, akakaribia kulia ndani ya kitambaa chake.

"Huyu ni Bwana Radhi," Bi. Tosha akatangaza. Ndivyo walivyombatiza.

"Nipe pumzi," Mshangama akasema kwa sauti ya hadhara. Alipoinama kumpulizia, akamnong'oneza, "Mama Rehema, usilie. Wanatazama. Chukua yai, tafuna, useme."

Salha akachukua yai, akainua kitambaa, akatafuna, akasema. Walijisogeza hadi penye ukuta, bilauri mkononi, wote wawili wakitabasamu kama watu wanaopigwa picha.

"Mguu?" Salha akauliza.

"Umepona. Sukari imeshuka. Kwa hilo siwezi kuwasema vibaya, wamenitoa kaburini."

"Basi twende nyumbani. Rehema anaolewa, Baba Rehema. Watu wanauliza."

Tabasamu la Mshangama halikutoka mahali pake, lakini jasho lilimtoka. "Kutoka hapa lazima uombe, ufanyiwe hafla ya kuaga. Unakula kila kitu, unakunywa kila kitu, wanakuangalia. Uso ukiteleza, unapelekwa kule kwenye kicheko. Usipoteleza, wanakwambia: kama hukosi kitu, unafuata nini huko? Wanakurudisha kitandani kwako. Sijaona aliyetoka."

"Na aliyekwenda kwenye kicheko?"

"Huyo naye sijamwona," akasema, akainua bilauri. "Sikosi kitu!"

Bi. Tosha, aliyekuwa akipita, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Waliomba, maana hapakuwa na la kufanya zaidi. Hafla ikawekwa kwenye bustani ya Bwana Shibe, Mnusaji Mkuu wa nchi, mtu mrefu mwenye pua ambayo wananchi waliizungumzia kwa heshima. Pembeni yake walikaa Walinganishi. Hawa ndio wanaothibitisha kwamba kila kitafunio kinalingana na chakula ambacho jina lake kimelichukua. Ilikuwa kazi nyeti na walirithishana baba kwa mwana. Salha alimuuliza mmoja, kwa adabu tu, mara yake ya mwisho kuonja andazi la unga wa ngano ilikuwa lini. Yule bwana alishtuka kama aliyevuliwa nguo. Hakuwahi kuonja. Baba yake hakuwahi kuonja. Walililinganisha andazi la leo na la jana, na la jana lilishathibitishwa.

"Lakini wewe umeonja," Mlinganishi akasema polepole, akimtazama Salha kwa jicho jipya. Akamgeukia mwenzake, mwenzake akamgeukia Bwana Shibe, na minong'ono ikapita mezani. Salha alisikia vipande vyake: kwamba ulimi kama huo haujapata kufika nchini, kwamba ungefaa kuhifadhiwa, kwamba chumba kipo. Alikuja kumchukua mtu, na sasa alikuwa anapangiwa chumba.

Bwana Shibe akaamuru avuliwe kitambaa, akamletea mwenyewe sahani. Juu yake palikuwa na andazi la Kisikosi, la unga wa nazi na mayai, limekaangwa likatoka rangi nzuri.

"Onja, bibi," akasema. "Kisha utwambie kama kuna tofauti."

Salha alijua mtego huo una milango yake na yote imefungwa. Akisema hakuna tofauti, basi mumewe hakosi kitu na hana sababu ya kuondoka. Akisema ipo, yeye mwenyewe anakumbuka, na anayekumbuka anakosa. Alitia kipande mdomoni. Alikuwa amejiandaa kukichukia. Hakukichukia. Kilikuwa na hiliki, kilikuwa na mafuta kidogo, nazi ilisikika mpaka mwisho. Kama wangekiita jina lake chenyewe angeomba cha pili.

"Kitamu," akasema.

"Hatukuuliza utamu," Mlinganishi akasema.

"Ndiyo, lakini kitamu. Mbona mnakionea? Hiki si andazi, wala hakihitaji kuwa andazi."

Watu wakaacha bilauri hewani. Bi. Tosha akafunika macho. Bwana Shibe alirudia swali, taratibu, kila neno kivyake: "Kuna tofauti?"

Salha alifungua mdomo. Hapo ndipo Mshangama aliposimama. Alisimama vibaya, akamwaga kokteli yake ya miwa, na kimwavuli kikabaki kimenasa kwenye mkono wa kanzu.

"Msimuulize yeye," akasema. "Niulizeni mimi. Mimi natamani wali."

Mtu mmoja nyuma alipiga ukelele.

"Natamani wali wa nazi," Mshangama akaendelea. "Na chapati. Na muhogo wa kuchoma wenye chumvi na pilipili. Siku niliyokuja nilitamani, na leo natamani zaidi, maana leo nina afya ya kutamani vizuri. Kila nikisema sikosi, nakosa. Hata sasa hivi, nikizungumza na nyinyi, nakosa. Na sitaula. Nimeshaona mguu wangu ulivyokuwa. Sitaula, lakini msinilazimishe kusema siutaki."

Bwana Shibe alikuwa amesimama tayari kutoa amri, na Salha alishaona watu wawili wa Nyumba ya Burudani wakisogea, wakicheka kama walivyofundishwa. Lakini utaratibu ni utaratibu: kabla ya hukumu, pumzi. Mnusaji Mkuu aliinama mbele ya mdomo wa Mshangama akavuta hewa. Akakunja uso, akavuta tena.

"Safi," akasema, na ilimuuma kulisema. "Safi kuliko yangu."

Nao hapo wakakwama. Elimu yao yote ilisema kwamba kutamani huchafua pumzi, na kwamba mwenye kutamani ni mlaji ambaye hajakamatwa. Hawakuwa na jina la mtu anayetaka kitu akakiacha. Walinganishi walimnusa kwa zamu. Waliulizana kwa ukali, mmoja akapendekeza anuswe tena baada ya kula. Na kadiri walivyobishana ndivyo Salha alivyoona jambo likipita kwenye nyuso za wageni waalikwa, jambo la haraka, la aibu. Mama mmoja aliyeshika kipande cha koliflawa alikuwa anakitazama kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu.

Bwana Shibe naye aliliona. Alikuwa mtu mwenye akili, na aliogopa.

"Mtoeni nje ya nchi," akasema. "Yeye na ulimi wa mkewe. Watoke kabla ya tafrija ya kesho."

Bi. Tosha ndiye aliyewasindikiza mpakani. Njia nzima alitangulia mbele, na Salha alidhani amewachukia. Walipofika kwenye kizuizi, alimvuta Salha pembeni, akageuza uso ili ofisa asimwone.

"Mwenzangu," akasema kwa sauti ndogo. "Wali wa nazi. Lile tui zito, linatiwa mwanzo au mwisho?"

"Mwisho," Salha akasema. "Maji yakishakauka."

"Ahaa," Bi. Tosha akasema. Midomo yake ikacheza kidogo. Kisha akaupanga uso wake sawasawa, akawapungia mkono, akarudi kazini.

Harusi ilifanyika. Mshangama alimwozesha binti yake kwa sauti kavu iliyosikika hadi kibarazani, na wale ndugu wa bwana harusi wakakosa la kuuliza. Ungedhani Salha sasa angelala usingizi. Lakini ule woga wake wa pili, wa kumpata mume na kumlisha tena, ulikuwa haujaguswa bado, na ulimfuata ukumbini, ukakaa naye meza moja.

Sinia zilipoanza kupita, Shangazi Mwanasiti, aliyemlea Mshangama, alikuja mwenyewe na sahani. Pilau ilikuwa imefura, inatoa moshi, na vipande vya nyama juu yake.

"Naam, mwanangu," akasema. "Pilau ya harusi ya mwanao hiyo."

"Ahsante, shangazi. Sili."

"Kidogo tu. Vijiko viwili vya baraka."

"Naitamani sana, shangazi. Lakini sili."

"Sasa unaitamani halafu huli? Ndiyo nini hiyo?" Shangazi akainua sauti, na meza za jirani zikageuka. "Au huko ulikokwenda umefundishwa kutudharau? Watu wamekesha jikoni, Mshangama. Siku ya leo, mbele ya wakwe, utukatalie chakula? Kula, mwanangu. Tukuone umefurahi."

Salha alizitazama zile nyuso zilizogeuka, zinangoja mumewe ameze. Mshangama aliuvuta mkono wa shangazi yake akaubusu, wala hakushika kijiko. Shangazi aliitua sahani mbele yake kwa kishindo, akaondoka akinung'unika, ameumia kwelikweli, na itachukua muda kumtuliza.

Sahani ikabaki pale kati yao. Salha aliisogeza upande wake, na kwa kuwa hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi, akaanza kula. Mshangama alikuwa na mshikaki na kachumbari, lakini alikuwa ameacha kutafuna.

"Ikoje?" akauliza.

Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi wa Salha. Imezidi chumvi. Wapishi wameiunguza chini. Alikuwa akimdanganya hivyo tangu daktari alipomkataza wanga, akidhani anamsaidia. Alimtazama mumewe, ile shingo iliyopungua, yale macho, akaogopa kupita alivyoogopa kwa Bwana Shibe.

"Tamu," akasema. "Tamu mno, Baba Rehema."

Mshangama akafumba macho kidogo, akayafumbua.

"Basi kula," akasema. "Kula nikutazame."

Salha akala, na mumewe akamtazama mpaka sahani ikaisha.